Tupeane uzoefu: injini ya pikapu ya zamani inagonga na maji ya rejeta yamechafuka

Mwanzilishi wa mada, Uyole

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe vya pikapu za dizeli za miaka ya nyuma, zile ambazo injini imeanza kugonga huku maji ya rejeta yakiwa yamebadilika rangi. Hali hizi mbili zikijitokeza kwa pamoja, mara nyingi gari huhukumiwa papo hapo kwamba gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko cha silinda) imeungua na beringi zimekwisha, na mwenye gari hulipia kazi kubwa kabla ya kitu chochote kupimwa. Ninaanza na kisa changu.

Pikapu yangu ni ya mwaka 1996, ya silinda nne, ujazo wa lita 2.8, na kazi yake kubwa ni kuteremsha viazi kutoka Isyonje. Siku moja nikiwa na mzigo nilisikia injini inagonga, mlio mkavu unaokwenda sambamba na mzunguko, na kesho yake asubuhi nilipofungua tangi la akiba la maji ya rejeta nilikuta utando mzito wa kahawia umeganda juu ya maji. Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika mbili tu, akasema ni gasketi. Hedi ilishushwa, ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikafungwa na rejeta ikasafishwa. Wiki tatu baadaye utando ulirudi, na kule kugonga hakukuwa kumeondoka hata siku moja.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Mwanjelwa, kabla hajagusa spana aliniuliza oili kwenye kijiti cha kupimia ikoje. Ilikuwa nyeusi ya kawaida, haina dalili yoyote ya maji. Akanieleza kwamba injini inapofanya kazi, msukumo wa oili huwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa maji, ambao mfuniko wa rejeta hauruhusu uzidi takriban kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba. Kwa hiyo panapotoboka mahali ambapo oili na maji vinapitishwa jirani, oili ndiyo inayosukumwa kuingia kwenye maji, na kijiti kinaweza kubaki safi kwa muda mrefu. Kwenye injini yangu mahali hapo ni kipozeo cha oili, ambacho kimefichwa ubavuni mwa bloku, karibu na filta. Alikitoa, akaziba tundu moja, akapuliza hewa ya kompresa kwenye jingine akiwa amekizamisha ndani ya ndoo ya maji ya vuguvugu, na mapovu yakatoka sehemu mbili mbele ya macho yangu.

Kugonga kulikuwa jambo jingine kabisa. Alibadilishanisha nozeli (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) ya silinda ya kwanza na ya pili, akaweka na pete mpya za kuzibia chini yake, na mlio ukahama kutoka silinda ya kwanza kwenda ya pili. Nozeli ilikuwa inamwaga dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu. Nilikuwa na magonjwa mawili yasiyohusiana, na ningeweza kushusha hedi mara tano bila kutibu hata mojawapo.

Karibuni mtoe visa vyenu, na tafadhali elezeni ni kipimo gani kilichowaonyesha ukweli, si jina la kifaa kilichobadilishwa tu.

Mchangiaji kutoka Mafinga

Mkuu, ahsante kwa kuanzisha mada hii. Kisa changu kilikwenda kinyume na chako, na kiliniumiza zaidi. Mimi nabeba mbao. Rejeta yangu ilikuwa inapungua maji kidogo kidogo bila kudondosha hata tone chini, nami nikawa naongeza kila asubuhi kana kwamba ni jambo la kawaida. Kisha oili ikawa nzito na rangi ya chai ya maziwa. Niliiona, nikajiambia nimalize safari mbili za Makambako ndipo nipeleke gereji. Safari ya pili, nikiwa nimekwisha pita Nyololo, taa ya oili ikaanza kuwaka kila ninapopunguza mwendo, na injini ikaanza kugonga kwa sauti nzito ya chini, ile inayosikika hadi kwenye sakafu ya kebini.

Sampu (beseni la oili chini ya injini) ilipofunguliwa, filta ya oili ilikatwa kwa msumeno na karatasi yake ikatandazwa juani. Ilikuwa imejaa vipande vidogo vinavyometa, vingine rangi ya shaba. Beringi za konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu iitwayo kranki, zilikuwa zimelika hadi tabaka la ndani, kwa kuwa oili iliyochanganyika na maji haiwezi kushikilia ule utando mwembamba unaotenganisha chuma na chuma. Kranki ilibidi ichongwe na beringi za saizi ya juu zifungwe. Chanzo cha maji kilikuwa ufa kwenye hedi, na ulionekana baada ya hedi kupelekwa karakana ya mashine na kupimwa kwa msukumo wa hewa. Kwa macho hapakuonekana kitu.

Ninachowashauri ni kipimo cha asubuhi, ambacho hakina gharama. Gari lilale usiku kucha, kisha kabla ya kuwasha, legeza nati ya sampu polepole sana. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwepo yatatangulia kutoka. Kama nati haifikiki, dondosha oili ya kwenye kijiti juu ya kijiko cha chuma kilichopashwa moto. Ikichachatika, kuna maji. Lakini ule utando mweupe kidogo chini ya mfuniko wa kujazia oili usiwatishe peke yake, kwani kwenye baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, gari linalokwenda safari fupi fupi hupata unyevu huo bila ubovu wowote.

Mchangiaji kutoka Njombe

Kaka zangu, mimi ninakusanya maziwa kwa pikapu, na nilikaribia kushusha hedi kwa sababu ya kutu. Maji yalikuwa ya kahawia iliyokolea, na kijana wa gereji akaapa kuwa ni oili. Mume wangu alichota maji hayo kwenye bilauri ya kioo, akayaacha usiku kucha dirishani. Asubuhi uchafu wote ulikuwa umetua chini, na juu hapakuwa na chochote kinachoelea wala kuteleza kwenye vidole. Miaka yote tulikuwa tunajaza maji ya mtoni bila kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu). Tuliusafisha mfumo mara nne, tukabadilisha themostati, tukaweka kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Hapakuwa na gasketi iliyoungua.

Fundi, Ipogolo, Iringa

Ninawasalimu nyote. Nimefanya kazi ya injini za dizeli kwa muda mrefu, na ninaomba nifafanue jambo moja lililo nyuma ya kisa cha ndugu wa Uyole, kwa sababu wengi hulikosea.

Kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta) ni kipimo kizuri cha kujua silinda inayogonga, lakini hakikuambii kwa nini inagonga. Ukiikatia silinda dizeli, mlio wa nozeli mbovu hupotea, na mlio wa beringi ya konrodi nao hupungua, kwa kuwa pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Ndiyo maana mzee yule alihamisha nozeli. Mlio ukiifuata nozeli, ni nozeli. Ukibaki palepale, pima msukumo wa oili injini ikiwa ya moto, kisha kata filta kama alivyoeleza ndugu wa Mafinga. Jambo la usalama: shika spana kwa kitambaa na usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, maana hupenya ngozi. Na kwenye magari mapya yenye mfumo wa komoni reli (bomba moja la msukumo mkubwa linalolisha nozeli zote) kipimo hiki kisifanywe kabisa, kwa sababu msukumo wake unaweza kuua.

Kuhusu gasketi na hedi, kipimo ninachokiamini ni hiki. Injini ikiwa baridi kabisa, funga mfuniko, washa, na ushike bomba la juu la rejeta. Likiwa gumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni baridi, hiyo si nguvu ya joto bali ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Wateja wengi huniletea magari yaliyochemsha kwenye mlima Kitonga wakidai hedi imekwisha, kumbe ni mfuniko wa rejeta uliolegea. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima huyapandisha hadi zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko mbovu unakunyang'anya nafasi hiyo yote, kisha mlima unamalizia. Kuchemsha huko kukirudiwa ndipo hedi inapopinda kweli, na hapo ugonjwa mdogo unakuwa umezaa mkubwa.

Mchangiaji kutoka Tukuyu

Fundi, shikamoo. Yangu imeanza jana. Moshi mweupe mwingi asubuhi, maji yamepungua nusu ya rejeta, na leo nilipopiga swichi, stata ilizunguka kidogo ikakwama ghafla kama imegonga ukuta. Betri ni nzima. Nilitaka kumwita jirani anivute kwa trekta ili iwake.

Fundi, Ipogolo, Iringa

Marahaba ndugu yangu. Tafadhali sana, usivutwe wala usisukumwe. Inaelekea maji yameingia juu ya pistoni usiku, na maji hayashindiliki kama hewa. Ukiilazimisha injini kuzunguka, utapinda konrodi. Toa nozeli zote nne, ziba matundu kwa kitambaa kilicholegea, kaa mbali, kisha mwambie mtu apige stata kidogo. Silinda itakayorusha maji ndiyo yenye ubovu. Baada ya hapo usiifunge tena. Mwaga oili, shusha hedi na uipeleke ikapimwe ufa kabla hujanunua gasketi. Yale maji ya kulanti yasiachwe kwenye beseni uani, kwa sababu ni matamu na ni sumu kwa mbwa na mbuzi.

Mchangiaji kutoka Tukuyu

Nimetoa nozeli. Silinda ya tatu imerusha maji hadi kwenye boneti. Hedi inashushwa kesho asubuhi.