Naomba ushauri: nina walimu wawili wa dumbaki, na kila mmoja ananifutia alichonifundisha mwenzake

KidoleChaPete
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkaazi wa Ng'ambo, Unguja, na huu ni mwezi wa kumi na nne tangu nianze kujifunza kupiga dumbaki, ile ngoma ya taarab yenye umbo la kikombe. Mwalimu wangu wa kwanza ni mzee aliyepiga katika vikundi vya taarab kwa miaka mingi. Hunifundisha kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, barazani kwake, kwa dumbaki la udongo lililowambwa ngozi ya mbuzi, ambalo wakati huu wa masika hatuligusi mpaka lipashwe kwenye jiko la mkaa, kwani ngozi hulegea kwa unyevu na sauti ya tak, lile pigo kali la ukingoni, hufa kabisa. Mwalimu wa pili ni kijana mwenzangu anayewapigia watalii Mji Mkongwe. Yeye ana dumbaki la alumini lenye ngozi ya plastiki, na mtindo wake ni ule wa Kituruki wa kuchezesha vidole kimoja kimoja.

Mzee anataka tak nipige kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono. Kijana anataka nitumie kidole cha shahada na kifundo kitulie. Kibaya zaidi, hata mdundo hawakubaliani. Tukifika kwenye mdundo uitwao maqsumu, mzee huanza kwa dum mbili, yaani mapigo mazito ya katikati, na kijana huanza kwa dum moja ikifuatwa na tak, naye ameniambia wazi kwamba mzee amesahau. Wote wawili nawalipa sawasawa, kwa hiyo hakuna anayenidai. Swali langu ni moja: mtu anaweza kufundishwa na walimu wawili bila mikono yake kuharibika, au nichague mmoja?

Bahari Kavu
Una walimu wawili na mikono miwili. Mpe kila mmoja mkono wake, uone nani atakuwa wa kwanza kulalamika.

Mwanagenzi wa Bagamoyo
Nilipita katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kile kilichoanzishwa 1981 na ambacho leo kinaitwa TaSUBa, na pale kuwa na walimu wengi lilikuwa jambo la kawaida. Asubuhi unabana ngoma ya muheme katikati ya mapaja kama wanavyofanya akina mama wa Kigogo, mchana unasimama kwenye mdundiko wa Kizaramo, na jioni viganja vimevimba kiasi kwamba kijiko cha wali kinakushinda. Hakuna kilichochanganyika, kwa sababu kila ngoma ilikuwa na mwalimu wake na mkao wake, na mwili ulijua tofauti kabla kichwa hakijajua. Wewe una walimu wawili juu ya ala moja, na hilo ndilo gumu. Nakushauri utenge miezi sita ya mkono mmoja tu, mkono wa mzee, halafu uende kwa kijana ukiwa na kitu ambacho hakifutiki. Nakumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa akipiga tumba kwenye bendi ya dansi. Alipokuja chuoni ilimchukua mwaka mzima kuacha kulaza kiganja, na mpaka tunamaliza bado tulimtania kwamba mdundiko wake una harufu ya ukumbi wa pombe.

Fundi Ngozi
Mimi nitasema juu ya jiko la mkaa tu, kwa kuwa ndilo lililoniumiza moyo. Ngozi ya mbuzi ikikaribia mkaa hukauka ukingoni kabla ya katikati, na hapo ndipo inapochanika, pale pale kwenye duara la udongo. Weka taa ndogo ya umeme ndani ya dumbaki kupitia tundu la chini, uiache nusu saa. Joto hilo ni la upole, nalo huenea sawasawa. Mwambie mzee wako.

Rika na Tari
Suala la mdundo ni rahisi kuliko mnavyolifanya, na nasikitika kwamba kijana huyo anafundisha bila kulijua. Hesabu nane. Maqsumu ni dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Ukibadilisha pigo la pili tu, tak ikawa dum, unapata dum, dum, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya, nao huo ni masmudi ndogo, ambao Wamisri huuita pia baladi. Ni ndugu wawili wa tumbo moja, na katika wimbo mmoja mpigaji anaweza kuhama kutoka huu kwenda ule mwimbaji anapoongeza nguvu. Mzee hakusahau kitu. Ama anakufundisha masmudi na wewe umeandika maqsumu kwenye daftari lako, ama kwake yote mawili yana jina moja, kama ilivyo kwa wapigaji wengi waliojifunza kwa sikio. Kuhusu kidole, cha pete na cha shahada vyote vinakubalika; cha pete huupa mkono uzito, na cha shahada huupa wepesi.

Abuu Twahir
Ndugu yangu, wenzako wanakujibu kuhusu vidole, nami nakuuliza kuhusu adabu. Mwanafunzi hutoka kwa mwalimu mmoja kwenda kwa mwingine kwa idhini. Zaidi ya hapo, wanavyuoni wameruhusu dufu katika harusi na sikukuu, lakini hili la dumbaki la watalii linahitaji uangalifu, na ningependa kulieleza kwa kirefu.

Msimamizi
Abuu Twahir, ahsante. Mjadala wa uhalali wa ala una uzi wake. Hapa tubaki kwenye walimu wawili.

Mama Shani
Mwanangu, nimekusoma mara mbili na kuna kitu kimenikwama. Huyo kijana amejuaje kwamba mzee huanza kwa dum mbili? Hukusema kwamba amefundishwa naye, wala kwamba mlikaa pamoja barazani. Aliyesema "mzee amesahau" ni mtu aliyemsikia mzee akipiga, tena zaidi ya mara moja. Amemsikilizia wapi?

KidoleChaPete
Shikamoo Mama Shani. Nilimpigia mimi mwenyewe akasikia.

Mama Shani
Marahaba mwanangu. Mkono wako wa miezi kumi na minne haumpi mtu jeuri ya kumhukumu mzee. Sema vizuri.

KidoleChaPete
Sawa, nitasema, ingawa sidhani kwamba linahusiana na swali langu. Mzee alinipa ruhusa ya kurekodi masomo kwa simu ili nikafanye mazoezi nyumbani, na nimekuwa nikimpelekea kijana rekodi hizo. Mpaka sasa ni kumi na moja. Yeye hanitozi fedha. Badala ya ada huchukua rekodi moja kwa kila masomo mawili, na tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Naomba msinihukumu haraka. Midundo si mali ya mtu. Mzee mwenyewe aliipata kwa waliomtangulia, mwanawe wa pekee yuko Muscat na hana habari na ngoma, wala mimi sijaona mwingine barazani zaidi yangu. Mzee akiondoka leo, hizi rekodi ndizo zitakazobaki. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba ninahifadhi.

Bahari Kavu
Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sikutegemea kuiona methali hii ikitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mama Shani
Mimi nimelelewa ndani ya unyago, na nyanya yangu alikuwa mpigaji. Kuna mapigo ya msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, ambayo sisi wajukuu tuliyasikia kupitia ukuta wa makuti miaka na miaka, tukayajua kwa moyo, na hakuna aliyethubutu kuyagonga hata kwenye sufuria mpaka alipokaa mkekani akafundishwa maana yake. Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, alijifunga msondo kiunoni akaupiga mbele ya wageni Ulaya na kwingineko, lakini aliyeutoa nje ni yeye mwenye mkono, akiwa amesimama nyuma ya ngoma yake na watu wakiona uso wake. Haukutolewa na mwanafunzi ndani ya simu. Sikwambii kwamba midundo ina hati miliki. Nakuuliza tu: mzee alipokuruhusu kurekodi, alikuruhusu nini?

Rika na Tari
Naongeza hapo kwa Mama Shani. Tunasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na taarab yetu ikapata moja ya mizizi yake hapo. Kwa hiyo hoja ya mleta uzi kwamba muziki husafiri ni ya kweli. Bila safari hiyo sijui kama kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kingezaliwa hapa 1905. Ila Mohamed Ibrahim aliketi mbele ya walimu wake, nao walimwona.

Fundi Ngozi
Je, mzee ameshajaribu taa?

Shahidi wa Pili
Wanajamvi, naomba tupumue kidogo. Katika bandiko la kwanza huyu bwana ameandika kwamba walimu wote wawili anawalipa sawasawa na hakuna anayemdai. Baada ya kubanwa na Mama Shani, mwalimu wa pili hatozi fedha hata senti. Watu hawasahau wanamlipa nani. Halafu angalieni jinsi kila kitu kilivyopangwa vizuri: mzee na udongo upande huu, kijana na plastiki upande ule, mwana yuko Muscat, na rekodi ni kumi na moja kamili. Mimi nimewahi kuandika michezo ya redio, na ningempa mwandishi huyu alama nzuri. Hakuna mzee, hakuna baraza, na sisi tunatoa elimu yetu bure ili mtu apate hadithi.

Mwanagenzi wa Bagamoyo
Nami nilihisi hivyo, na sasa najuta kueleza habari za viganja vyangu.

Bahari Kavu
Kama ni hadithi, naomba sehemu ya pili iwe na harusi.

Abuu Twahir
Iwe hadithi au kweli, idhini ni idhini.

KidoleChaPete
Ile sentensi ya malipo nilidanganya. Niliiandika kwa sababu niliona aibu, nikadhani kwamba nikisema nawalipa wote mtanijibu suala la vidole na niondoke. Mengine yote ni kweli, na lipo moja ambalo sikulisema.

Wiki iliyopita nilikutana na video ya yule kijana mtandaoni. Amepiga mdundo kwa mtindo wake, lakini chini yake ameweka sauti ya dumbaki la mzee ikijirudia, na ameandika kwamba ni ubunifu wake. Nimeijua rekodi hiyo kwa sababu ni ya usiku wa mvua wa wiki mbili nyuma, na baada ya pigo la nane mzee anakohoa. Kijana ameikata vizuri, lakini mwanzo wa kikohozi umebaki, kama mtu anayetaka kusema neno. Inajirudia, na kila ikijirudia mzee anaanza kukohoa.

Alhamisi hii mzee ameahidi kunifundisha pigo la kufungia, lile analopiga kumrudisha mwimbaji mwishoni mwa wimbo, na ambalo kwa muda wote huu amekuwa akiniambia kwamba mkono wangu bado. Kijana analisubiri. Nimeshamwambia kwamba atalipata Ijumaa, na sipendi kuvunja ahadi. Nilifikiri kama mtaniambia kwamba walimu wawili ni jambo la kawaida, ningeona wepesi.

Shahidi wa Pili
Vizuri sana, kikohozi pia. Basi weka hiyo rekodi hapa tuisikie, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuomba radhi mbele ya wote.

Bahari Kavu
Naunga mkono. Sekunde ishirini tu zinatosha.

Mama Shani
Usiiweke. Ukiiweka hapa kwa sababu ya kumridhisha mtu asiyekujua, utakuwa umeitoa kwa mara ya pili, na safari hii hukupata hata somo la bure. Shahidi wa Pili, abaki mwongo kwako; hupungukiwi na kitu.

Shahidi wa Pili
Mama, nakuheshimu, lakini hiyo ndiyo njia rahisi ya kutotoa ushahidi.

KidoleChaPete
Nilikuwa nimeshaanza kuipandisha, ikafika nusu. Nimeikatiza. Shahidi, endelea kuniona mwandishi.

Rika na Tari
Kwa faida yako tu, pigo la kufungia huwezi kulipata kwenye rekodi hata ukitaka. Mpigaji huangalia mdomo wa mwimbaji na kusubiri pumzi yake, na simu haioni mdomo.

Fundi Ngozi
Mimi sijali kama mzee yupo au hayupo. Dumbaki linalopashwa kwenye mkaa kila wiki halitamaliza masika haya. Nina ngozi ya mbuzi niliyoikwangua mwenyewe, nyembamba, bila doa, na nimekwisha kuiloweka mara moja. Siiuzi. Nahitaji upana wa mdomo wa dumbaki, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, na uniambie kama ngozi ya sasa imegundishwa kwa gundi au imefungwa kwa kamba, kwa sababu kuitoa ni kazi mbili tofauti.

KidoleChaPete
Imegundishwa, na kuna utepe mweusi umezungushwa juu yake. Upana sijawahi kuupima. Alhamisi nitakwenda kabla ya Isha, nichukue futikamba ya mama, na nimwombe mzee ruhusa ya kulipima kabla hajawasha jiko.

Fundi Ngozi
Pima mara mbili. Madumbaki ya udongo hayawi mviringo kamili.