Naomba ushauri: mzee niliyemrekodi amefariki

Habari zenu ndugu zangu. Natengeneza filamu kuhusu maisha ya wafugaji Wajie huko Kotido, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa watu walewale ambao watengenezaji wa filamu David na Judith MacDougall waliwapiga filamu mwaka 1968. Mzee wangu mkuu amefariki mwezi jana. Ruhusa yake ni ya mdomo tu, ipo kwenye kamera: anacheka, anagonga fimbo chini, "piga tu". Sasa wanawe wamegawanyika; mmoja anadai pesa, mwingine hataki sura ya baba ionekane. Nimekaa nao mara mbili, nikapeleka sukari na tumbaku, wapi! Mfadhili naye anataka karatasi yenye sahihi.

Je, ruhusa ya marehemu inatosha, au niwaachie wazee wa ukoo waamue? Na nikitoa hizo pesa, si nitakuwa nimeinunua ruhusa?