Mrejesho: kipima muda cha kiendelezi cha kusomea hakikatiki tena

Niliuliza kwa nini kipima muda cha dakika 25 kinakufa katikati, kwenye kiendelezi cha Chrome (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha wanafunzi wa S.4 (kidato cha nne) hapa Kampala wanaojiandaa kwa mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Asanteni sana, mlipatia: katika Manifest V3 (mfumo wa sasa wa kuunda viendelezi vya Chrome) skripti ya nyuma, ile inayofanya kazi bila kuonekana, huzimwa ikikaa sekunde 30 bila kazi, na setTimeout (amri ya kusubiri muda fulani) hufa nayo. Sasa saa ya kumaliza inahifadhiwa kwenye chrome.storage.local (hifadhi ya kiendelezi), na chrome.alarms (kengele za kivinjari) ndiyo inayoiamsha skripti.

Kwa kuzuia tovuti wakati wa kipindi cha kusoma, wekeni kanuni za kuzuia kwa amri ya updateDynamicRules, maana hizo hubaki. Zile za updateSessionRules hufutika kivinjari kikifungwa, na mwanafunzi atagundua hilo siku ya kwanza. Tena kanuni hunasa maombi mapya ya kivinjari tu. Kichupo cha YouTube kilichokwisha kufunguka hubaki vilevile, kwa hiyo kipindi kikianza vitafuteni vichupo hivyo kwa chrome.tabs.query (amri ya kutafuta vichupo) na kuvielekeza kwenye ukurasa wa kiendelezi. Ukurasa huo umo ndani ya kifurushi chenyewe, hauli MB za mtu, jambo muhimu sana kwa anayenunua bando la siku.

Kilichobaki ni hali fiche (Incognito): humo kiendelezi hakifanyi kazi mpaka mwenye kompyuta akiruhusu mwenyewe.