Mjadala: Gemu ya Kilwa mtandaoni, Almeida akija ashindike au asishindike?

Kete_za_Ghalani (Kilwa Masoko)
Wakuu, mada ni hii. Tuseme inatengenezwa gemu ya kuigiza wahusika, ya watu wengi kwa pamoja mtandaoni, kwa Kiswahili, na mahali ni Kilwa Kisiwani kuanzia 1490 hadi 1512. Unakuwa nahodha, mfua shaba, mlinzi wa bandari, utakavyo. Historia inajulikana: 1502 Vasco da Gama alikuja akadai kodi, 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, akauteka mji, akamwondoa mtawala wake Amir Ibrahim na kumweka Muhammad Ankoni, 1512 Wareno wakaihama ngome yao. Je, hadithi iandikwe na mchezaji aifuate hatua kwa hatua mpaka mwisho unaojulikana? Au mji uwekwe, watu waachiwe, na Almeida akipigwa basi amepigwa? Leteni mifano ya gemu zilizopo. "Mimi napenda hivi" haitoshi.

Jahazi_la_Mitwero (Lindi)
Iandikwe. Uhuru mtupu kwenye gemu ya watu wengi tunaujua unavyoishia: majitu yenye panga yanakaa langoni yanaua wageni. Ultima Online ilitoka 1997 na watengenezaji walikuwa na ndoto kubwa, hata ikolojia waliitengeneza, mnyama mla nyama awinde mla majani, idadi ijirekebishe yenyewe. Wachezaji wakaua kila chenye miguu upesi kuliko mfumo ulivyoweza kuzalisha, na ikolojia yote ikatolewa. Wachimba madini nao wakawa wanaviziwa nje ya miji. Mwaka 2000 dunia ikabidi igawanywe mara mbili: Felucca, ambako unauawa, na Trammel, ramani ileile lakini huuawi bila ridhaa yako. Watu walihamia Trammel kwa wingi.

Upande wa pili mtazameni Final Fantasy XIV (FFXIV). Ilitoka 2010 ikaanguka vibaya, ikafungwa 2012, ikarudi 2013 na hadithi ndiyo uti wa mgongo. Sehemu mpya zinafunguka kwa kufuata hadithi kuu, na wakongwe wanalipwa zawadi ya kila siku wakikubali kupangwa kwenye mapango (misheni za kupigana kwa kikundi) ya zamani, kwa hiyo mgeni hakosi wa kwenda naye. Hapo hadithi inafanya kazi ya mwenyeji.

Mkorosho_Mkavu (Tandahimba)
Mwenyeji gani anakufungia mlangoni? Taja na gharama basi. Kwenye FFXIV rafiki yako akiwa mbele, huwezi kumfikia mpaka upite hadithi yote aliyoipita, au ununue njia ya mkato kwa pesa. Na mwisho wa sehemu ya kwanza kulikuwa na mapango mawili, Castrum Meridianum na Praetorium, watu 8 kwa pamoja, yamejaa vipande vya sinema. Mgeni akitazama sinema, wakongwe saba wanakimbia mbele wanaua adui mkuu. Akimaliza kutazama, amebaki peke yake kwenye korido tupu. Wakafanya sinema zisirukike, ikawa watu wote 8 wanakaa kusubiri. Mwaka 2022 ndipo wakayavunja na kuyapanga upya kwa watu 4, na unaweza kuingia na wahusika wa kompyuta. Yaani dawa ya hadithi kwenye gemu ya pamoja imekuwa kumwondoa mwenzako!

Halafu kuna ugonjwa wa mteule. Kila mchezaji anaambiwa "wewe peke yako ndiye mkombozi", na nyuma yake wamepanga foleni wakombozi mia mbili wanangoja kuambiwa hivyohivyo. World of Warcraft ilijaribu kuutibu 2008 kwa kuweka matabaka: ukimaliza misheni fulani, mahali panabadilika kwako tu. Vizuri, lakini mkisimama pamoja, mmoja kamaliza na mwingine bado, hamwonani. Kijiji kimoja, kwako kimeungua, kwake kinapika chakula.

Jahazi_la_Mitwero
Na huo uhuru wako umezaa hadithi gani, kaka? Taja moja.

Mkorosho_Mkavu
EVE Online, gemu ya meli za anga, Januari 2014, mfumo wa nyota unaoitwa B-R5RB. Malipo ya kushikilia eneo hayakupita, umiliki ukadondoka, maadui wakaingia. Vita ya saa zaidi ya 20, meli 75 za daraja la Titan zimeteketea, na seva ikapunguza mwendo wa saa ya mchezo hadi asilimia 10 ya kawaida ili isizimike. Hakuna mwandishi anayeanzisha vita kubwa namna hiyo kwa bili isiyolipwa, angeona aibu. Lakini watu bado wanaisimulia.

Fundi_Ligula (Mtwara)
Nyote mnazungumza kama vile hadithi ni maneno tu. Kwenye gemu ya watu wengi hadithi inakaa kwenye vitu viwili: tarehe na uhaba. Hivyo ndivyo vya kuandika. Maneno wachezaji watayaleta wenyewe.

Chukueni pepo. Kaskazi ikivuma unakwenda Sofala, kusini, Msumbiji ya leo, kuchukua dhahabu, kusi ikivuma unarudi. Fanyeni mwaka mmoja wa gemu uwe siku 28 halisi: 14 kaskazi, 14 kusi. Nahodha akichelewa Sofala siku mbili, kusi imekatika, anakaa na dhahabu yake siku 14 huku aliyemkopesha anamngoja Kilwa. Hapo umeandika mstari mmoja wa programu na umepata deni, usaliti na ndoa ya kuokoa jina. (Kwa hesabu hiyohiyo, kuanza 1490 ni kosa. Almeida angefika baada ya siku 420, watu wamekwisha kuondoka. Anzeni 1500, ni siku 140.)

Sasa pesa, maana ndipo magemu huru yanapofia. Wachezaji 40, kila mmoja saa 2 kwa siku, kompyuta inamlipa sarafu 30 kwa saa kwa kuvua na kubeba mizigo. Hiyo ni sarafu 2,400 kwa siku, 67,200 kwa mwaka wa gemu. Zinatoka wapi? Chakula sarafu 10 kwa siku kwa kila mtu: 11,200. Majahazi 10, kila moja sarafu 1,500 za kalafati na tanga kwa safari ya Sofala: 15,000. Jumla 26,200. Zimebaki 41,000 ambazo hazina pa kwenda, na mwaka wa tatu ni 123,000. Mtama utapanda bei mpaka mgeni ashindwe kula siku ya kwanza. Kupandisha kodi ovyo hakutasaidia. Watu watabadilishana vitu kwa vitu.

Dawa: kompyuta isilipe mtu kutoka hewani. Kazi zote zilipwe na hazina ya mji, hazina ijazwe na ushuru wa bandari, na sarafu mpya itoke kwa mfua shaba peke yake. Kilwa kweli ilipiga sarafu zake za shaba, kwa hiyo hamjapotosha kitu. Hapo anayeshika hazina ana nguvu, na ugomvi wa Ibrahim na Ankoni unapata mafuta yake bila sinema hata moja.

Bi_Shangani (Mtwara)
Fundi, hesabu nzuri, ila umemsahau mgeni. Mtu anaingia mara ya kwanza, kuna pepo, hazina, deni, atajua aanzie wapi? Atatoka baada ya dakika kumi, na kosa halitakuwa lake.

Bao la Kiswahili limeshajibu hili zamani. Unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Wakati wa namua umebanwa: unaingiza kete moja kila zamu, na sheria inakuambia lini ule na lini utakase (usambaze kete bila kula). Kete za mkononi zikiisha ndipo mtaji, ndipo unapoonyesha akili. Basi gemu iwe na namua. Saa mbili za mwanzo hadithi iliyoandikwa kabisa: umeshuka na mtepe kutoka Songo Mnara, mjomba kakuagiza kupeleka mzigo, njiani unajifunza kununua, kula, kupanga chumba, kumtambua mtoza ushuru. Saa mbili, sio arobaini. Na katika saa hizo usiuawe na mchezaji yeyote.

Mkorosho_Mkavu
Hilo nakubali dada, bora ulinzi uishe kwa kazi, usiishe kwa saa. Ukiweka saa, watu wataacha simu imewashwa imelala.

Newala_Mnara_Mmoja
Mnapanga kuuana huku mmesahau mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini nchi nzima ikawa inatambaa. Hata siku njema, seva ikiwa Ulaya amri yako inakwenda na kurudi mbali sana. Sheria ya "ukifa unapoteza vyote" maana yake umeme ukikatika Newala, mtu wa Dar anachukua jahazi lako.

Na msifanye kosa la pili, la kusema aliyekatika mtandao asiguswe. Kila anayeshindwa atazima data makusudi. Mwili ubaki ulipo sekunde 60, upigike, lakini kinachochukulika kisizidi theluthi ya mzigo, na jahazi lenyewe lisichukulike. Kama ni gemu ya maandishi tupu, isiyo na picha, bora zaidi: Evennia, programu ya kutengenezea gemu za namna hiyo, ni ya bure, imeandikwa kwa Python, inakaa kwenye seva ndogo ya kukodi, na ukurasa wa maandishi haumalizi bando la mtu.

Jahazi_la_Mitwero
Tumezunguka. Kete aliuliza kuhusu Almeida. Kama anashindika, klani yenye watu 15 wanaopangana kwenye simu itamshinda msimu wa kwanza, na mtoto wa shule atajifunza kwamba Kilwa haikutekwa.

Mkorosho_Mkavu
Na kama hashindiki, ile minara wachezaji waliyojenga siku 140 ni michoro tu. Watengenezaji wa gemu ya Asheron's Call waliwahi kuandika kwamba mawe fulani ya kichawi lazima yavunjwe ili pepo mkuu atoke. Kwenye seva moja, Thistledown, wachezaji wakalizunguka jiwe usiku na mchana kulilinda. Ikabidi watengenezaji waingie wenyewe kulivunja. Waliokumbukwa ni walinzi, sio pepo.

Fundi_Ligula
Aje tarehe yake, hilo halibadiliki. Ila nguvu ya mji isitokane na panga pekee. Hesabuni mambo matatu siku anapotia nanga: hazina ina kiasi gani, ghala la mtama linatosha siku ngapi, na wangapi wameapa kwa Ankoni badala ya Ibrahim. Wakigawanyika, mji unaanguka. Klani ya watu 15 haiwezi kushinda hiyo peke yake, itabidi ibembeleze wauza samaki.

Bi_Shangani
Na wakishinda? Siku inayofuata kuna nini? Mkifuta kila kitu na kurudi 1500, mtu aliyejenga nyumba ya mawe hatarudi.

Kete_za_Ghalani
Nyumba ibaki gofu msimu ujao, na jina lake ukutani?

Jahazi_la_Mitwero
Gofu la 1505 ndani ya mji wa 1500? Hapana mkuu.

Bi_Shangani
Basi jina liwe kwenye tarikh, kitabu cha historia ya mji. Kilwa ilikuwa na tarikh yake iliyoandikwa. Kila msimu ukiisha, mchezaji mmoja aliyechaguliwa kwa kura anaandika mistari 200, isizidi, na msimu ujao mzee wa msikitini anaisoma kwa anayetaka kusikiliza.

Mkorosho_Mkavu
Akichaguliwa mtu wa ile klani ya watu 15 tutasoma sifa zao tu. Ziwe tarikh mbili, moja ya kila upande, na zisilingane.