Tupeane uzoefu: mgonjwa aliyekatishwa pombe au unga (heroini) ghafla wodini

Zamu ya Usiku
Wakuu, tukusanye mambo ya kitandani, ya kufanya kwa mikono. Mnayajua haya: mtu kalazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya kwanza katulia, usiku wa pili anang'oa kanula ya dripu na kutafuta mlango. Faili linasema "msumbufu". Hakuna aliyemuuliza mara ya mwisho alikunywa lini.

Kwa mnywaji wa kila siku, kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege nyingi huja kabla saa 48 hazijaisha. Kuweweseka kwa hatari, kwenye homa, mapigo ya mbio na mauzauza, hutokea zaidi kati ya saa 48 na 96. Kwa hiyo aliyetulia leo hajavuka bado. Nyie mnamuulizaje?

Sista Mapokezi
"Unakunywa?" ni swali la kujibiwa "kidogo tu". Uliza: cha mwisho ulikunywa lini, saa ngapi? Siku ya kawaida unakunywa nini, kiasi gani? Asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo? Ulishawahi kuanguka degedege ulipoacha? Hilo la mwisho lina uzito kuliko hesabu ya chupa, maana aliyewahi kuanguka yuko karibu kuanguka tena. Mtoe mkewe au mumewe nje kwanza. Mbele ya ndugu watu hupunguza. Na uliza dawa za usingizi pia, zikikatwa ghafla nazo huleta degedege.

Kipimo Kwanza
Tumieni CIWA-Ar, kipimo cha ukali wa dalili za kukatishwa pombe: vipengele 10, alama hadi 67. Chini ya 8 mara nyingi hahitaji dawa. Akipita 15 usimwache mbali na macho. Mtetemeko hupimwa mikono ikiwa imenyooshwa mbele, vidole vimetanuliwa. Usipouona, gusisha ncha za vidole vyako na vyake, utausikia.

Mpango ulio maarufu ni diazepamu (dawa ya kutuliza) ya kumeza, miligramu 10, kisha upime upya baada ya saa 1 kabla ya kurudia. Pale kwenye "kisha upime upya" ndipo watu wanapokosea: dozi inarudiwa kwa mazoea, asubuhi mgonjwa anakoroma na hakuna aliyehesabu pumzi. Mzee, au mwenye ini bovu, daktari huchagua lorazepamu, ya jamii hiyo hiyo, kwa sababu haikai mwilini muda mrefu hivyo. Diazepamu ya sindano ya msuli achaneni nayo, hufyonzwa bila mpangilio. Ya mshipa isizidi miligramu 5 kwa dakika, na usiichanganye kwenye dripu, huganda.

Kipimo hiki kinategemea majibu ya mgonjwa. Akishachanganyikiwa, alama zinadanganya. Hapo pima kiwango cha utulivu na fahamu. Tena anayemeza vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo anaweza kuwa na mapigo 80 huku anaungua ndani.

Mzee wa Wodi 4
Kipimo sawa, lakini aliyewahi kupata degedege mimi simsubirishi alama zipande. Huyo apangiwe dozi za saa maalumu tangu mwanzo. Na haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) peke yake kwa mauzauza ya pombe hapana, huongeza uwezekano wa degedege.

Thiamini
Mnaruka vitamini B1, yaani thiamini! Sukari ikiingia kwa mtu aliyekwisha akiba ya thiamini, ubongo unaweza kuumia. Kuchanganyikiwa, kuyumba akitembea, macho kuchezacheza: wachache tu ndio huonyesha yote matatu, kwa hiyo dalili moja inatosha kumwita daktari. Ikishukiwa, hutolewa kwenye mshipa miligramu 200 hadi 500 mara 3 kwa siku, polepole kwa dakika 30 hivi. Vidonge hapo havitoshi, utumbo wa mnywaji haufyonzi vizuri. Ila sukari ikiwa imeshuka sana usiicheleweshe glukosi ukitafuta thiamini, zipe pamoja. Magnesiamu na potasiamu nazo zipimwe.

Sista Mapokezi
Nyongeza: kunuka pombe si utambuzi. Pima sukari, tazama mboni, papasa kichwa.

Kliniki ya Dawa
Upande wa unga. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, huanza saa 8 hadi 24 tangu dozi ya mwisho: kupiga miayo, makamasi, vinyweleo kusimama, mboni kutanuka, tumbo kukatika, kuhara. Kwa mtu mzima mwenye afya haiui mara nyingi, lakini kuhara na kutapika kwaweza kumkausha, basi maji na chumvi mapema. Arosto ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huchelewa zaidi.

Buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, ukiiwahisha, unamtumbukiza kwenye arosto kali ndani ya saa 1 hivi. Subiri alama za COWS, kipimo cha ukali wa arosto, zifike 12 hivi. Kidonge kinakaa chini ya ulimi mpaka kiyeyuke. Lowanisha mdomo kwanza, na akimeza dawa imepotea.

Zamu ya Usiku
Na aliyezidisha?

Kliniki ya Dawa
Kama hapumui, mpe pumzi kwa mfuko na barakoa kwanza. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini, ampuli ya miligramu 0.4 kwenye mililita 1, ongeza mililita 9 za salaini, sukuma mililita 1 kila dakika 2 au 3. Unatafuta pumzi, si mazungumzo. Ukimwamsha kabisa atatapika, atakasirika na kuondoka, naloksoni itaisha kabla ya methadoni, naye atalala tena akiwa njiani. Mhesabu pumzi dakika nzima, kila baada ya dakika 15, hata akisema amepona.

Aliyekosa methadoni siku 3 au zaidi usimpe dozi yake ya zamani. Uvumilivu wa mwili umeshapungua; mrudishe kwa mwandishi wa dawa apange upya. Na kabla ya kumpa yeyote, mtazame: akiwa anasinzia, hanywi. Akishameza, anywe maji na aongee nawe sentensi moja.