Msaada: mafaili ya zamani ya AMR na WMA yanagoma kwenye sabufa

mzawa_temeke
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya sauti. Nina memori kadi ilikuwa kwenye Nokia ya zamani ya mama, humo kuna sauti za babu yetu (marehemu sasa) anahadithia ukoo ulivyotoka Rufiji mpaka kufika Mbagala, zote mwishoni ni .amr. Afu kuna folda ya taarabu zilikopiwa kutoka kwenye sidii, hizo ni .wma. Ndugu wanakutana mwisho wa mwezi tunataka wote wasikie ila nikichomeka flashi kwenye sabufa inaruka tu, yenyewe inasoma mp3 peke yake. Dogo mmoja hapa mtaani anasema nibadili jina tu niandike .mp3 inatosha, ni kweli? Na nikipeleka fomati kubwa zaidi sauti ya babu itakuwa safi? Maana inasikika kama yuko kwenye simu.

fundi_spika
Mungu amrehemu babu. Kwanza kabisa kopi kadi yote uweke kwenye kompyuta na sehemu nyingine tena, hizo kadi zinakufa bila taarifa, na orijino usifute hata ukishapata mp3.

Kubadili jina hapana, ndani inabaki AMR ileile. Hiyo fomati ilitengenezwa kwa maongezi ya simu, 3GPP (muungano unaoweka viwango vya simu) waliipitisha 1999, inachukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde kwa hiyo sauti yoyote nyembamba iliyozidi Hz 4,000 haikurekodiwa kabisa, ndo maana unamsikia hivyo. Kisichorekodiwa siku ile hakirudi, hata uipeleke FLAC au WAV (hizo fomati kubwa) faili litavimba tu ila sauti ni ileile.

Shusha VLC (programu ya kuchezea sauti na video) kwenye laptopu, ifungue, bonyeza Ctrl na R, ongeza mafaili, chagua profaili ya MP3, onyesha pa kuhifadhi, anza. Bure kabisa na ukishaishusha, kukonvati hakuli bando.

Bi_Kigamboni
Kwani si uingie tu hizi tovuti za kukonvati, unapandisha faili linarudi mp3, mi natumia simu tu.

fundi_spika
Inawezekana dada, ila hayo ni maneno ya ukoo, majina ya watu na mashamba yamo humo, me siwezi kuyapandisha kwenye tovuti ya mtu nisiyemjua wakati kazi yenyewe inafanyika nyumbani.

kk_laini
Naongezea kwa wanaotumia FFmpeg (programu ya kukonvati kwa kuandika amri). Ukikonvati AMR bila kuiambia kitu inakutolea mp3 ya sampuli 8,000 hivyohivyo, na kuna sabufa na redio za gari zinaigomea hiyo japo kweli ni mp3, mtu anabaki anashangaa. Lazimisha sampuli 44,100 kwa sekunde:

ffmpeg -i babu.amr -ar 44100 -b:a 64k babu.mp3

64k (kilobiti 64 kwa sekunde) kwa sauti ya mtu mmoja anaongea inatosha sana. Ukitumia VLC profaili yake ya mp3 inaweka 44100 yenyewe. Ila taarabu usiziweke 64, WMA tayari imeshapunguza sauti na mp3 inapunguza tena juu yake, weka 192 kwenda juu na ukonvati mara moja tu kutoka kwenye ile WMA, sio mp3 kwenda mp3 nyingine.

mzawa_temeke
Wakuu asanteni sana, za babu zote zimekubali kwa VLC na sabufa inasoma. Taarabu baadhi zimegoma, hazilii kabisa hata kwenye laptopu, nyingine za folda hiyohiyo zinapiga vizuri. Shida nini?

kk_laini
Raiti kliki kwenye faili, ingia Properties, Details, tafuta palipoandikwa Protected. Ikiwa Yes basi zilikopiwa na Windows Media Player ikiwa imewashwa ulinzi, leseni yake ilibaki kwenye ile kompyuta ya kwanza na VLC haiwezi kuifungua. Sidii zenyewe bado zipo? Kama zipo kopi upya moja kwa moja kwenda mp3, tena zitatoka nzuri kuliko hizo WMA.

mzawa_temeke
Ni Yes kweli. Sidii zipo kwa shangazi Buguruni, kesho nazifuata.