Mafundi, swichi ya taa za gari ya zamani si ya kutupwa!

Assalamu alaykum. Tabia hii imezidi, Unguja na Pemba.

Mtu anapeleka Land Rover ya zamani au Morris Minor, taa za mbele zinafifia au zinazimika zikishapata moto. Fundi hata mita hatii. Anang'oa swichi ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa gari, iliyokuja na gari, anaitupa, anapachika ya plastiki ya bei poa, pengine hata ya ukutani! Haipiti muda plastiki imeyeyuka, dashibodi inanuka, na mwenye gari anaambiwa alete pesa ya swichi nyengine.

Gari hizi hazikuja na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Umeme wote wa taa za mbele unapita ndani ya swichi yenyewe, na nyingi njia hiyo haina hata fyuzi. Balbu mbili za wati 45 zinakula ampea 7.5. Nyinyi mnatia za wati 100, ampea 16 na zaidi, kwa waya ule ule wa miaka 60. Itaacha kuungua?

Pimeni kwanza. Washa taa, mita kwenye volti, ncha moja mguu wa kuingia wa swichi, ncha ya pili mguu wa kutoka. Ikisoma chini ya 0.2, swichi nzima. Basi ubovu uko kwengine: tazama waya wa bodi (wa kurudisha umeme) kwenye taa, hewa yetu ya chumvi inaugeuza kijani mpaka unakatika. Ikipita 0.5, swichi inakula umeme na kuugeuza joto. Hapo chomoa betri, tia alama kila waya, fungua swichi, piga msasa laini namba 1000 kwenye shaba, paka vaselini kidogo sana. Springi ikiwa imelegea kwa moto, ndiyo ubadilishe.

Halafu weka rilei mbili za ampea 30, moja ya fulu, moja ya dimu. Miguu ya rilei imeandikwa namba. Nyaya zinazotoka swichi ya mguu, ile ya kukanyaga kubadilisha fulu na dimu, ndizo ziende 86. 85 kwenye bodi. 30 itoke betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. 87 iende taa. Kwa balbu za 60/55 inatosha. Kwa taa za mbele, swichi zote mbili, ya dashibodi na ya mguu, zitabaki kubeba chini ya nusu ampea.

Na tazameni betri kabla hamjaunga! Land Rover nyingi za kabla ya 1967 chanya ndiyo iliyo kwenye bodi. Rilei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ukiiunga kwa mazoea ni shoti moja kwa moja. Geuza 85 na 86, au nunua isiyo na dayodi.

Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kuzungushia fyuzi iliyokatika ni kuichoma gari ya mtu, hilo halina mjadala.

Na swichi mliyoitoa mrudishieni mwenyewe mkononi. Ni mali yake.